Aliyeua Haleti Ubani

Mchele ulikuja kwa lori la shamba, Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri. Magunia ishirini, sukari, madumu ya mafuta ya kula. Lori lilisimama chini ya mti wa mkungu pale dikoni, mahali pa kushushia samaki, dereva akashuka na karatasi ya majina, mwenyekiti wa kitongoji akaanza kuita kaya moja moja. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka harufu ya magunia mapya ikipigana na harufu nyingine iliyokuwa imekaa kijijini wiki nzima, uchachu wa mkonge uliooza na samaki waliooza pamoja nao.

Jina la mjomba lilipoitwa, hakusogea. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaziba matundu ya jarife lake. Likaitwa mara ya pili. Ndipo aliposema, bila kuinua uso, kwa sauti iliyomfikia kila mtu pale:

"Huu ni ubani? Ubani huleta jirani. Aliyeua haleti ubani. Aliyeua huja kwanza akasema nimeua."

Kwetu ubani ni rambirambi, fedha au chakula kinachopelekwa kwa waliofiwa. Watu walinyamaza. Bibi, mama yake mjomba, akainuka akaenda kulipokea fungu la nyumba yetu, kwa sababu nyumba ilikuwa na watoto saba na mkondo haukuwa na samaki. Wali ule tuliula. Mjomba hakuugusa, wala hakumlaumu mama yake.

Kijiji chetu kiko kusini mwa mji wa Tanga, upande wa njia ya Pangani, mahali ambapo kijito kinashuka kutoka kwenye mashamba ya mkonge na kuingia mkondoni katikati ya mikoko. Sitakitaja jina, wala shamba lenyewe. Wapo wazee wa pande zote mbili ambao hadi leo wanasalimiana msikitini, na sitaki makala hii iwatie fitina.

Kwa asiyejua mambo ya mkonge, korona ni mashine ya kuchuna majani. Sisi wa Tanga tulikuwa na neno hilo miaka mingi kabla ya ugonjwa uliokuja kulichukua. Jani huingia, hupondwa, hukwanguliwa huku maji mengi yakimwagwa juu yake, na upande wa pili hutoka singa, yaani nyuzi za mkonge. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 2 hadi 4 tu. Zinazobaki zote ni makapi na maji machachu yenye asidi. Yakitiwa kwenye bwawa yakatulia, madhara yake ni madogo. Yakiachiwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni yote iliyomo majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi humo humo ndani ya maji.

Ilikuwa kaskazi, kijito kimebaki utepe. Maji ya bahari yalikuwa mafu, hayana nguvu ya kuingia na kutoka. Usiku ule kingo za bwawa la shamba zilipasuka, au zilifunguliwa. Hadi leo kijijini kuna wanaoapa hivi na wanaoapa vile. Asubuhi shangazi alikwenda mikokoni kuokota chaza akarudi mbio, ndoo tupu. Tulipofika, maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa, yana povu pembeni. Mkizi wameelea. Changu wadogo, wale wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka baharini, walikuwa wametanda kama majani makavu. Kaa walikuwa wamepanda juu ya miti. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kuwaona kaa wamening'inia kwenye matawi, wamekimbia maji yao wenyewe.

Maofisa walikuja, wakachota maji kwenye chupa, wakaandika. Baadaye tukasikia shamba limepigwa faini. Kiasi gani, hakuna aliyetuambia. Meneja hatukumwona. Lori ndilo lililokuja.

Nimeishi na maneno ya mjomba kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimesoma, nimefanya kazi mjini, nimerudi, na kila ninapoona habari ya kampuni iliyochafua na kutozwa, swali langu ni lile lile: nani amekwenda kwa waliochafuliwa akasema nimefanya?

Chuoni, yaani madrasa, tulipofundishwa toba, mwalimu wetu alitupangia masharti yake. Uache kosa. Ujute. Uazimie kutorudia. Hayo matatu yanatosha kama kosa ni baina yako na Mungu. Likiwa limemgusa mtu mwingine, linaingia sharti la nne: umrudishie haki yake, au umwendee umtake radhi akusamehe yeye mwenyewe. Haki ya mja haifutwi na sala ya usiku wala na sadaka iliyopelekwa kwa mtu mwingine. Ukimwibia Juma kuku, huwezi kumpa Ali kuku ukasema umetoka.

Sasa tazama faini ya mazingira ilivyo. Kosa limemgusa mvuvi, muokota chaza, mama anayemwogesha mtoto kwa maji ya kijito. Malipo yanakwenda serikalini. Mei 2019, NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Tarime, faini ya Shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la topesumu. Ni fedha nyingi, na sisemi isitozwe. Faini inaiambia kampuni kwamba sheria ipo. Lakini kwa mizani ya chuoni, serikali hapo ni Ali. Juma bado yuko kwake, anahesabu mabanda.

Wanasheria wana jina la njia nyingine, haki rejeshi. Kesi ya kawaida huuliza sheria gani imevunjwa, nani kaivunja, aadhibiwe vipi. Haki rejeshi huanza kwa kuuliza nani ameumia na ameumia wapi, kisha humketisha aliyeumiza mbele ya aliyeumizwa, asikie kwa masikio yake, akiri, na wakubaliane namna ya kutengeneza kilichoharibika. Mwaka 2007, Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya New South Wales, Australia, ilifanya hivyo katika kesi ya mkurugenzi wa kampuni ya madini aliyeharibu vitu vya urithi vya Waaborijini karibu na Broken Hill. Kabla ya hukumu, alikutanishwa na wawakilishi wa wenyeji hao, akawaomba radhi, wakakubaliana mambo ya kufanya. Jaji aliyazingatia hayo katika kutoa adhabu; hakuifuta adhabu.

Mtu wa pwani akilisikia jambo hilo haoni jipya. Tumekuwa na vikao vya suluhu tangu babu zetu: mbuzi wa fulani amekula mhogo wa fulani, dema la huyu limeinuliwa na yule. Tofauti ni kwamba mwenye mbuzi anajulikana kwa uso. Kampuni je? Mbele ya sheria ni mtu: inashitaki, inashitakiwa, inamiliki ardhi kuliko kijiji kizima. Basi nayo ina haki za waja shingoni. Tatizo ni nani aje dikoni kwa niaba yake.

Hapa Tanga swali hilo lina historia ndefu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akaupanda Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Miche aliyoiagiza kutoka Florida ilikuwa 1,000. Iliyofika hai ni 62, na kutoka kwa hiyo 62 yakaota mashamba yote tunayoyaona. Wajerumani wakaenda, wakaja Waingereza na Wagiriki. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Miaka ya 1990 yakauzwa tena. Shamba la kwetu limepita katika mikono hiyo yote, na kila mwenye shamba mpya huwa na jibu tayari: mfereji huu niliukuta. Ni kweli aliukuta. Lakini aliponunua mashine, majengo na miti ya mkonge, alinunua na mfereji. Faida ya urithi huchukuliwa pamoja na deni lake. Hata watoto wa marehemu hawagawani nyumba kabla ya kulipa madeni yake.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu mjomba mwenyewe angenikemea nisingeusema. Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba mashambani. Ada ya shule ya mama yangu ilitoka kwenye mkonge. Jirani zetu watatu walikuwa wanafanya kazi koronani usiku ule ule bwawa lilipopasuka, na kesho yake walikuja mikokoni na sisi kuwatazama samaki, wasijue wasimame upande gani. Hakuna kijijini aliyetaka shamba lifungwe. Tulitaka bwawa lijengwe vizuri. Kule Hale, kwenye barabara ya kwenda Korogwe, mwishoni mwa muongo wa 2000 palijengwa mtambo unaochukua makapi ya mkonge kutengeneza gesi na umeme. Kinachoua samaki kwetu, pale kinawasha taa. Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba uchafuzi ni bei ya ajira.

Nikitaka mfano wa watu wetu wa pwani waliokataa kunyamaza, huwa navuka mpaka wa Horohoro. Mombasa kuna kitongoji kinaitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilijengwa karibu yake kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Moshi ukaingia nyumbani, maji yakapita uani, watoto wakaanza kuugua. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Mwanawe mchanga aliugua, akapimwa, akakutwa ana risasi mwilini. Aliacha kazi akaanza kugonga milango. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe Shilingi za Kenya bilioni 1.3, na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 nyingine kwa usafishaji. Mzigo haukuwekwa kwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizopaswa kukizuia nazo zilibebeshwa sehemu yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu miaka. Mtoto aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja kiwanda kinaanza alikuwa mtu mzima hukumu ya mwisho inasomwa. Risasi ikiingia kwenye ubongo wa mtoto haisubiri rufaa. Naiheshimu hukumu ile, hasa agizo la kusafisha udongo, kwa kuwa hapo mahakama ilikumbuka kwamba mahali nako kumeumizwa. Lakini ndiyo inayonifanya nitamani njia ya pili, inayokwenda sambamba na mahakama na kufika mapema.

Mapema, lakini si kwa mchele. Nilishtuka niliposoma habari za Bodo, kijiji cha wavuvi katika delta ya Niger, nchini Nigeria. Mwaka 2008 bomba la mafuta lilivuja mara mbili mikokoni mwao. Amnesty International imeandika kwamba kampuni tanzu ya Shell kwanza iliwapa wanakijiji chakula na fidia ya thamani ya takriban pauni 4,000. Kwa kijiji kizima. Januari 2015, baada ya mawakili kuingia na kesi kufunguliwa London, ilikubali kulipa pauni milioni 55. Niliposoma nilimwona mjomba ameketi juu ya mtumbwi wake. Walioshika sindano na uzi katika diko la Bodo wangemwelewa bila mkalimani.

Ndiyo maana wale wanaoisifu suluhu tu, bila kutaja nguvu, wananitia hofu. Suluhu baina ya mwenye lori na mwenye njaa inaweza kuwa dhuluma iliyopigwa muhuri. Minamata, Japani, ni ushahidi wake. Kampuni ya Chisso ilikuwa ikimwaga maji yenye zebaki katika ghuba ya wavuvi. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa wamelemaa, na paka waliokula samaki wanazunguka kama wenye wazimu mpaka wanaanguka. Mwaka 1959 daktari wa kampuni alimlisha paka maji ya kiwanda, paka akaugua ugonjwa ule ule. Kampuni ikalificha jambo hilo. Desemba ya mwaka huo huo iliwasainisha wagonjwa mkataba wa fedha za pole, wenye kifungu kwamba hata ikija kujulikana kuwa kiwanda ndicho chanzo, hawatadai tena. Fedha za pole! Ubani ule ule. Ilichukua hadi 1973 mahakama kusema mkataba ule ni batili.

Na bado ni Minamata iliyonipa neno ninalolipenda kuliko yote katika jambo hili. Mji ule ulikuwa umegawanyika. Familia zilizoajiriwa na kiwanda zilikuwa hazisemi na familia za wagonjwa. Mgonjwa alionekana anayeutia mji aibu. Mei 1, 1994, katika ibada ya kuwakumbuka waliokufa, meya Yoshii Masazumi aliwaomba radhi wagonjwa hadharani, jambo ambalo hakuna meya aliyemtangulia aliyelifanya. Akaitisha kazi waliyoiita *moyai naoshi*. *Moyai* ni kufunga mashua kwa mashua kwa kamba, zikae pamoja zisichukuliwe na maji. *Naoshi* ni kutengeneza upya. Kufunga tena kamba zilizokatika.

Kila mvuvi wa Tanga anajua maana ya kulaza mashua mbili kwa kamba moja usiku wa upepo. Ikikatika, hazipotei tu kila moja kivyake, zinagongana kwanza.

Yuko pia mvuvi wa kule, Ogata Masato, ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1959, yeye akiwa na miaka 6. Alipigania kutambuliwa kama mgonjwa kwa muda mrefu, halafu mwaka 1985 akaondoa madai yake. Aliona kila kitu kimegeuka kuwa fomu na fedha, na mtu aliyemtafuta upande wa pili hayupo, pana dawati tu. Sikubaliani naye katika kuondoa madai. Wenye watoto wagonjwa wanahitaji fedha, na wanazistahili. Lakini kiu yake naijua. Ilikaa nyumbani kwetu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa mwananchi nafasi ya kwenda mahakamani kuidai. Inasema mchafuzi alipe. Inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira, yaani aliyeharibu aambiwe: rudisha palivyokuwa. Tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, na kwa mtu kama mjomba hilo ni jambo kubwa sana. Kesi ya kijito chake ingeweza kusikilizwa kwa lugha ambayo yeye ana majina kumi na mawili ya hali za maji.

Ninachotamani kukiona kwenye amri kama hizo ni kipengele cha dikoni. Meneja aje, maji yakiwa yamepwa, avue viatu, aingie topeni na wanaookota chaza. Asikilize kwanza. Aseme kilichotokea usiku ule, kingo zilipasuka au zilifunguliwa. Wakubaliane: bwawa la namna gani, mikoko mingapi, maji yapimwe kila baada ya muda gani na nani wa kijijini ashike nakala ya majibu. Kisha makubaliano yapelekwe mahakamani yapigwe muhuri, ili siku shamba likiuzwa, mnunuzi anunue na makubaliano. Na mtu akikataa kusamehe, asilazimishwe. Msamaha ni mali ya mwenyewe.

Sasa kaskazini ya mji, Chongoleani, ndipo linapoishia Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta yale ni mazito kama nta, lazima bomba lipashwe moto njia nzima, na mwisho wake ni meli zinazokuja kupakia katika maji yetu. Nawaombea salama. Lakini salama ina maandalizi yake. Mkataba wa kimataifa wa 1992, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliweka mfuko wa kulipa fidia kwa mafuta yanayomwagika kutoka kwenye meli za mafuta. Mvuvi anaweza kudai kipato alichopoteza, ila atatakiwa kuthibitisha alikuwa akipata nini kabla.

Nilipolisoma hilo nilikwenda kijijini. Mjomba sasa macho yamepungua, haendi mbali, lakini madema yake hajayaacha. Nilimkuta pale pale chini ya mkungu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nilikuwa nimekuja na daftari la kaunta na kalamu mbili. Nikamweleza habari za mfuko, za ushahidi, za Bodo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama siku ile ya mchele kungekuwa na daftari, lingesaidia nini. Nikamwambia lingeonyesha mkondo ulikuwa na nini kabla haujafa, na asingekuwepo mtu wa kukisia thamani yake kwa magunia.

Alikaa kimya kidogo. Kijana mmoja akashusha tenga la asubuhi, mizani ikatundikwa. Mjomba akanyoosha kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

"Andika. Jumanne, bamvua. Madema tisa. Tasi kilo saba. Changu kilo tatu na nusu. Pweza mmoja. Na uandike chaza ndoo mbili, za shangazi yako, usimsahau."